Mbolea ya maji ya alizeti pori kwa sukuma wiki na mchicha

Sukuma wiki inayochumwa kila juma hudhoofika upesi, na majani yake ya chini hugeuka manjano, ikiwa udongo haurudishiwi naitrojeni inayoondoka na mavuno. Mkulima asiye na mifugo anaweza kuirudisha kwa alizeti pori, mmea wa maua ya manjano unaoota kwa wingi kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba magharibi mwa Kenya. Majani yake yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu, kiasi kinachozidi kile cha samadi nyingi za ng'ombe.

Kata majani na vishina laini kabla mmea haujachanua, kwa sababu mashina yaliyokomaa huoza polepole. Yakatekate, jaza robo tatu ya ndoo ya lita 20 bila kushindilia, ongeza maji hadi karibu na ukingo, kisha funika bila kubana na uweke kivulini. Koroga kila siku. Harufu kali itakayotoka ni ya kawaida. Baada ya wiki 2 hivi maji huwa ya kahawia iliyokoza, nawe utayachuja.

Naomba sana usitie majivu ndani ya ndoo, ingawa wengi hudhani yanaongeza nguvu: majivu huyafanya maji kuwa na alkali, na naitrojeni hupotea hewani kama gesi ya amonia.

Changanya kopo 1 la mbolea na makopo 2 ya maji kwa sukuma wiki iliyoshika vizuri, au makopo 4 kwa miche michanga. Mwagia shinani wakati wa jioni, udongo ukiwa na unyevu, wala usimwagie majani, maana ndiyo yatakayoliwa. Anza wiki 2 baada ya kupandikiza, urudie kila wiki. Mchicha unaong'olewa mapema hutosheka na mara 2. Ukiona majani yamekuwa laini kupita kiasi na vidukari vimeongezeka, acha kwanza kumwagia mbolea hii.

Mbolea hii ina fosforasi kidogo, tena haijengi udongo kama mboji, kwa hiyo tuta lichanganywe na mboji iliyoiva kabla ya kupanda. Machicha yanayobaki kwenye chujio yatandazwe kuzunguka mimea, yakiachwa mbali kidogo na shina ili lisioze.