Injini ikishtuka-shtuka siku ya klabu, anza na magurudumu
Kwenye treni ndogo za mfano za kipimo cha OO tunazoendesha klabuni hapa Uingereza (reli zake zimeachana milimita 16.5), umeme hupanda kupitia magurudumu, hivyo uchafu kidogo tu huisimamisha injini. Tandaza karatasi ya jikoni juu ya reli, ilowanishe kidogo kwa alkoholi ya isopropili. Isichuruzike, inashika moto. Weka nusu ya injini juu ya karatasi, nusu kwenye reli tupu. Ishike, ongeza umeme polepole: magurudumu yatajisugua yenyewe na kuacha mistari myeusi, inayoridhisha kweli! Igeuze, rudia. Magurudumu yasiyosukumwa na mota hayatazunguka, hayo yafute kwa kijiti cha pamba. Yenye pete za mpira usiyaguse kwa alkoholi, mpira huharibika.