Jinsi ya kuandaa vielelezo vya ubadhirifu wa fedha za AMCOS ili kesi isimame mahakamani

Hivi karibuni nilimaliza kuwasaidia wajumbe wapya wa bodi ya AMCOS moja (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) kupanga vielelezo dhidi ya aliyekuwa katibu meneja wao. Tangu hapo nimepigiwa simu na vyama vingine vyenye kilio kilekile, kwa hiyo naandika. Mimi ni mhasibu, si wakili. Kuendesha kesi ni kazi ya mwendesha mashtaka. Ninachoeleza ni kazi ya chama kabla jalada halijamfikia, maana kesi nilizoziona zikianguka zilianza kufia hapo.

Hatua ya 1: Badilisha watia saini benki

Kikao cha bodi, muhtasari uliosainiwa, barua kwa meneja wa tawi, siku hiyohiyo. Katika barua hiyo omba pia taarifa ya akaunti yenye muhuri wa benki kwa kipindi chote mtuhumiwa alichokaa madarakani, siyo msimu mnaoutilia shaka peke yake.

Hatua ya 2: Omba ukaguzi maalumu

Mwandikieni Mrajis Msaidizi wa vyama vya ushirika wa mkoa kupitia kwa Afisa Ushirika wa halmashauri. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013, Mrajis anaweza kuagiza uchunguzi wa mambo ya chama, na COASCO ndilo shirika la umma la ukaguzi wa vyama vya ushirika tangu 1982. Msingoje ukaguzi wa kila mwaka.

Ripoti ikija, isomeni kwa utulivu. "Malipo yasiyo na viambatanisho" hayana maana ya wizi. Maana yake ni kwamba karatasi hazikuonekana. Zinaweza kuwa zimeibwa, zimeloa au hazikuwahi kuandikwa. Wanachama wakisomewa jumla hiyo kwenye mkutano mkuu huondoka wakiamini kesi imekwisha, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya 3: Panga muamala mmoja mmoja

Hapa ndipo nilipopoteza siku nne. Mara ya kwanza tulianzia juu: fedha zote zilizotoka benki, tukatoa malipo yote ya wakulima, tukapata upungufu wa zaidi ya milioni 30. Tulifurahi. Mchunguzi akaangalia ile namba, akauliza: "Ni siku gani, kwa hundi ipi, na nani aliishika?" Hatukuwa na jibu. Upungufu wa jumla hauonyeshi mkono wa mtu. Katibu anaweza kusema mhasibu ndiye aliyechukua, mhasibu akasema ni mweka ghala, na wote watatu wakatoka.

Tukaanza upya kwa kushika karatasi tatu kwa kila mkulima: stakabadhi ya mizani inayoonyesha kilo, orodha ya malipo aliyosaini, na hati ya benki ya siku fedha zilipotolewa. Bibi mmoja alikuwa ameitunza stakabadhi yake ndani ya mfuko wa nailoni: kilo 206, kwa shilingi 2,000 kila kilo. Anachostahili ni 412,000, na ndicho alichosema alipokea. Orodha ya chama ilisema 1,412,000. Ukiitazama kwa karibu, ile 1 ya mwanzo ilikuwa imebanwa kwenye mstari wa jedwali, na wino wake mzito kuliko tarakimu zilizofuata. Orodha haikuwa na kiasi kwa maneno, tarakimu tupu. Tulipopekua kurasa nyingine tukakuta alama ya kidole gumba imejirudia, kwa macho tu, mbele ya majina ya watu ambao hakuna jirani aliyewafahamu. Hao ndio wakulima hewa. Msijaribu kuthibitisha kidole wenyewe. Wekeni alama kwenye nakala, asili iachieni mtaalamu wa alama za vidole.

Mimi natumia jedwali la kawaida la Excel, mstari mmoja kwa muamala mmoja, bila rangi wala seli zilizounganishwa: tarehe, namba ya stakabadhi, kilo, anachostahili, kilichoandikwa, alichopokea, namba ya hundi, aliyetoa fedha benki, aliyelipa. Safu mbili za mwisho ndizo zenye kesi. Jazeni kwa kilichoandikwa kwenye hati. Msijaze "tunavyojua". Pasipo saini, acheni wazi.

Angalizo jingine: masurufu (fedha anazopewa mtumishi kwa safari au kazi, kisha azitolee hesabu) yaweke kwenye jedwali lake. Katibu aliyechukua masurufu ya safari akachelewa kurejesha ana maelezo ya kutoa, na mkiyachanganya na malipo ya wakulima, maelezo hayo yatafunika yote. Ni heri miamala 12 isiyotikisika kuliko 140 yenye mashaka, kwa sababu kosa la jinai huthibitishwa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi.

Hatua ya 4: Tunza hati asili

Kila kitabu kinachohama mkono kihame kwa hati ya makabidhiano: jina la kitabu, namba ya kwanza na ya mwisho, idadi ya kurasa, tarehe, saini mbili. Msiandike chochote juu ya hati asili, hata kwa penseli. Katika chama kimoja nilichokitembelea, vitabu vilikaa miezi nyumbani kwa mjumbe aliyekuwa na ugomvi wa shamba na mtuhumiwa. Hakuna aliyeweza kueleza mbele ya hakimu nani alivifungua katika muda huo.

Hatua ya 5: Msimgeuze mtuhumiwa kuwa mdaiwa

Atakuja na wazee, ataomba kulipa kidogokidogo. Huruma ni haki yenu, lakini mkisaini naye mkataba wa deni, wakili wake atasimama aseme hili ni dai la madai, si kosa la jinai. Akirejesha fedha, zipokeeni kupitia benki, mwandike barua kwamba kupokea hakufuti malalamiko. Na kamwe msimfungie ofisini akiri. Kukiri kwa vitisho hakutasaidia mahakamani, na mtashtakiwa ninyi.

Hatua ya 6: Fikisheni TAKUKURU

Polisi wanapokea pia, hasa pakiwa na kughushi, ila kwa fedha za ushirika mimi huenda TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa). Ubadhirifu na ufujaji umo kwenye kifungu cha 28 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya 2007. Pelekeni jedwali, nakala, na orodha ya mahali hati asili zilipo. Jalada litakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka kwa ajili ya kibali, na hapo kuna kungoja. Mjumbe mmoja ateuliwe kufuatilia, awe na daftari la tarehe na jina la kila afisa aliyezungumza naye.

Hatua ya 7: Watunzeni mashahidi

Ripoti ya ukaguzi haizungumzi yenyewe. Mkaguzi aliyeiandaa ndiye atakayeitoa kama kielelezo. Afisa wa benki vivyo hivyo. Wakulima wapeni tarehe mapema, na chama kilipe nauli wanapokuwa hawana. Kabla hukumu haijafika, mkumbusheni mwendesha mashtaka kuomba amri ya fidia, na awe na orodha ya kila mkulima na kiasi chake. Yule bibi tulimwambia aje na stakabadhi yake ndani ya mfuko uleule, asiikunje wala kuibandika.