Kuzunguka Taiwan kwa Treni na Basi: Mwongozo kwa Mgeni Asiyejua Kichina

Mara ya kwanza nilipoingia kituo kikuu cha Taipei nilipanda na kushuka ngazi kwa dakika 40 nikitafuta treni ambayo muda wote ilikuwa chini ya miguu yangu. Hakuna aliyeniambia kwamba pale, chini ya paa moja na mahandaki yake, kuna reli nne za waendeshaji tofauti, kila moja na mageti yake na tiketi zake. Ukisimama kwenye geti la reli nyingine, tiketi yako ni kipande cha karatasi tu.

Tangu hapo, kila mgeni ninayempokea kutoka nyumbani namfundisha swali moja la kujiuliza kabla ya kulipa au kugusa kadi: hii ni reli ya nani? Majibu yako manne, na yafaa uyajue kwa majina ya wenyeji. *Jieyun* (捷運) ni metro ya mjini. *Jichang jieyun* (機場捷運) ni metro ya uwanja wa ndege. *Gaotie* (高鐵) ni treni ya kasi ya upande wa magharibi. *Taitie* (台鐵) ni reli ya zamani inayokizunguka kisiwa kizima. Ukishajua hayo manne, Kichina unaweza kukikopa kidogo kidogo.

Hatua ya 1: Hifadhi majina kwa herufi za Kichina

Fanya hivi ukiwa bado nyumbani, una intaneti na utulivu. Kila mahali unapotaka kwenda, pamoja na hoteli, nakili jina lake kwa herufi za Kichina kwenye simu. Usitegemee maandishi ya Kirumi, maana Taiwan imetumia mifumo kadhaa ya kuyaandika na yote bado ipo mtaani. Mji wa mtoni ulio mwisho wa laini nyekundu utauona umeandikwa Tamsui hapa, Danshui pale. Hsinchu na Xinzhu ni mji mmoja. Mgeni huona majina mawili akadhani amepotea, kumbe amefika. Herufi 淡水 hazibadiliki, na mzee yeyote kituoni atazisoma na kukuonyesha kwa kidole.

Ramani ya Google inafanya kazi vizuri sana huku, mpaka namba za mabasi na dakika zilizobaki. Nunua laini ya simu uwanja wa ndege uwe na data.

Hatua ya 2: Nunua kadi moja

Kadi inaitwa EasyCard, wenyeji huiita *youyouka*. Inauzwa vituo vya metro na kwenye maduka ya saa 24 kama 7-Eleven na FamilyMart, ambayo yako kila kona. Kadi tupu ni dola 100 za Taiwan na hiyo hairudi. Kisha unaijaza salio kwa fedha taslimu: mpe muuzaji kadi na noti, basi. (Dola moja ya Marekani hucheza kwenye 30 hivi za huku.) Ukikuta iPASS badala yake, chukua, zinafanana kwa matumizi.

Anza na 500. Kadi hiyo itakupeleka kwenye metro, mabasi ya mjini, treni za kawaida za *taitie*, na hata kulipia maji dukani. Mahali pasipoikubali kadi ya kawaida ni *gaotie*. Hapo unahitaji tiketi, na hapo ndipo wageni wengi huganda getini wakiigusisha kadi mara tano huku foleni ikikua nyuma yao.

Hatua ya 3: Toka uwanja wa ndege kwa upande sahihi

Uwanja wa Taoyuan una metro yake tangu 2017. Treni za zambarau ni za haraka, za bluu husimama kila kituo, na nauli ni ileile, dola 150 hivi hadi Taipei. Kwa hiyo subiri ya zambarau. Mwendo ni chini ya dakika 40.

Lakini jiulize kwanza unalala wapi usiku huo. Kama safari yako ni Taichung, Tainan au Kaohsiung, usiingie Taipei kabisa. Panda metro hiyohiyo kwa upande wa pili mpaka kituo A18, mwendo wa dakika 20 hivi, uunganishe na *gaotie* papo hapo. Nimewaona watu wakiburuta masanduku hadi Taipei, kisha wakarudi na *gaotie* kwa njia ileile waliyotoka.

Ukitua usiku wa manane metro imelala. Basi namba 1819 hukesha likienda kituo kikuu cha Taipei.

Hatua ya 4: Metro ya mjini

Hii ndiyo rahisi kuliko zote: laini zina rangi, vituo vina namba, na matangazo husomwa kwa Kimandarini, Kitaiwani, Kihakka na Kiingereza. Gusa kadi ukiingia, gusa ukitoka. Nauli Taipei huanzia 20. Treni za mwisho ni karibu na saa sita usiku.

Kinachowaponza wageni ni mdomo. Ukishapita geti, hakuna kula, hakuna kunywa hata maji, hakuna kutafuna jojo. Faini huanzia dola 1,500 hadi 7,500, na hawatanii. Viti vya bluu iliyokolea karibu na mlango ni vya wazee, wajawazito na wagonjwa. Kijana mzima ukivikalia, macho ya behewa zima utayahisi mgongoni. Kwenye ngazi za umeme simama kulia. Na ile kelele yetu ya simu, "Haloo! Unanisikia?", iache mpaka utoke nje.

Kwa Waislamu wenzangu: Msikiti Mkuu wa Taipei uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Daan Park, laini nyekundu. Ijumaa utakutana na Waindonesia kwa mamia, na nje utapata chakula cha halali.

Hatua ya 5: Basi

Basi huku halina konda wala mpiga debe. Ukiliona linakuja, nyoosha mkono, la sivyo litakupita. Dereva hakisii kwamba unasubiri. Ukikaribia unakoshuka, bonyeza kengele. Taipei unagusa kadi ukipanda na unagusa tena ukishuka. Nauli ni 15 kwa kila kipande cha njia. Ukilipa kwa sarafu, kumbuka chenji hairudishwi.

Hatua ya 6: Gaotie, treni ya kasi

Ilianza Januari 2007. Ina vituo 12 kutoka Nangang hadi Zuoying, kilomita 350 hivi, na hufika kasi ya kilomita 300 kwa saa. Taipei hadi Zuoying, yaani Kaohsiung, ni kati ya saa moja na nusu na saa mbili kasoro kidogo kwa treni nyingi za haraka, nauli 1,490. Taipei hadi Taichung ni 700. Mashine za tiketi zina Kiingereza, na ukinunua mtandaoni unatumia namba ya pasipoti.

Ukikosa kiti, omba tiketi ya behewa huru. Kwa kawaida ni la 10 hadi la 12, unapanga foleni kwenye mistari iliyochorwa jukwaani na anayewahi ndiye anayekaa.

Sasa tahadhari inayotuhusu hasa sisi watu wa Kiswahili. Tiketi zimeandikwa kwa saa 24. Binamu yangu alipokuja nilimwandikia: "Treni yako ni saa 7." Tiketi ilisema 07:00. Yeye akalala vizuri, akanywa chai, akafika kituoni saa saba mchana akiwa na furaha zake. Kosa lilikuwa langu kabisa. Bahati nzuri, aliyechelewa treni yake anaruhusiwa kupanda behewa huru la treni nyingine siku ileile kwa tiketi hiyohiyo, kwa hiyo alifika, ingawa alisimama hadi Taichung. Siku hizi naandika 07:00 na pembeni "moja asubuhi".

Jambo la pili: vituo vingi vya *gaotie* viko nje ya miji. Ukishuka kituo cha *gaotie* cha Tainan hujafika Tainan bado. Unavuka kwenda kituo cha Shalun, unapanda *taitie* ya kawaida dakika 25 hivi. Taichung, unavuka kwenda Xinwuri. Zuoying, unashuka tu kwenye metro ya Kaohsiung, laini nyekundu.

Hatua ya 7: Taitie, reli ya kisiwa kizima

Hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo inayohitaji akili zaidi. Upande wa mashariki, Yilan, Hualien na Taitung, hakuna *gaotie*. Ni hii tu.

Kwanza, aina za treni. 區間 (*qujian*) ni ya kawaida, husimama karibu kila kituo, unagusa kadi na kupanda. 自強 (*ziqiang*) ni ya haraka na viti vina namba. Ndani ya kundi la haraka kuna Taroko na Puyuma. Hizo hazibebi abiria wa kusimama, kwa hiyo bila tiketi yenye kiti usizipande, hata kama kadi yako ina maelfu. Tiketi za kawaida hufunguliwa siku 28 kabla. Za Hualien mwisho wa wiki huisha upesi, weka kengele ya simu.

Tiketi ikiandikwa 無座, maana yake huna kiti. Unaweza kukaa palipo wazi, lakini mwenye namba akija unainuka bila maneno. Huku hakuna kujifanya umelala.

Pili, mwelekeo. Kwa kuwa reli inazunguka kisiwa, utakuta safari zimetajwa kwa mshale wa saa: 順行 ni kufuata mwendo wa mshale, 逆行 ni kinyume chake. Simama Taipei kichwani mwa kisiwa uwaze saa ya ukutani: kwenda Hualien, mashariki, unafuata mshale, kwenda Taichung, magharibi, unaenda kinyume.

Tatu, mtego ulioninasa mimi. Kati ya Zhunan na Changhua reli hupasuka njia mbili: ya mlimani, 山, na ya pwani, 海. Zote zinaungana tena Changhua, lakini mji wa Taichung uko kwenye ya mlimani peke yake. Nilikuwa naenda Taichung, nikaona treni ya Changhua, nikajua Changhua iko mbele ya Taichung, nikapanda. Nikasinzia. Nilipofumbua macho nikaona vibao vya Dajia, halafu Qingshui, na upepo wa bahari. Nilishuka Changhua nikarudi na treni ya mlimani. Tangu siku ile naitafuta herufi moja kwenye ratiba kabla ya kitu kingine chochote: 山.

Kula kunaruhusiwa *taitie*, na chakula cha boksi, *biandang*, ni maarufu kuliko treni zenyewe. Kile maarufu zaidi kina nyama ya nguruwe. Usiyekula, tafuta herufi 素, kisicho na nyama.

Ukienda Hualien kutoka Taipei, omba kiti cha dirishani upande wa kushoto. Huko ndiko bahari iliko, na karibu na Toucheng utakiona kisiwa cha Guishan kimelala kama kobe majini. Usipange kwenda bonde la Taroko, ile hifadhi iliyo karibu na Hualien, kwa mazoea ya picha za zamani, lakini. Tetemeko la tarehe 3 Aprili 2024 liliharibu vibaya lile bonde, kwa hiyo angalia taarifa za hifadhi kabla ya kulipia chochote.

Hatua ya 8: Milimani na ziwani

Ziwa la Sun Moon: basi 6670 kutoka kituo cha *gaotie* cha Taichung. Alishan: basi 7322 kutoka kituo cha *taitie* cha Chiayi, au 7329 kutoka kituo cha *gaotie* cha Chiayi. Kuna pia treni ndogo ya msitu iliyojengwa enzi za Wajapani. Kimbunga Morakot kiliikata mwaka 2009 na njia nzima ikafunguliwa tena Julai 2024. Kenting kusini kabisa: basi 9189 kutoka Zuoying. Mabasi haya ya mbali si ya kila dakika tano kama ya mjini, kwa hiyo ukishuka tu, piga picha ratiba ya kurudi. Nimewahi kuishia kulipa teksi ya mlimani, na bei yake sitaitaja mbele ya mke wangu.

Hatua ya 9: Siku za kutosafiri

Mwaka Mpya wa Kichina, sikukuu ya kufagia makaburi mwanzoni mwa Aprili, na sikukuu ya mwezi mpevu wakati wa vuli: kisiwa kizima kinarudi kwao. Kaa ulipo au kata tiketi mapema sana. Kiangazi hadi mwanzo wa vuli ni msimu wa vimbunga. Serikali ikitangaza siku ya kimbunga, kazi na shule hufungwa na treni huweza kusimama, ya mashariki hasa. Usiwe na safari ya Hualien jioni na ndege ya kurudi nyumbani asubuhi yake.

Ukiwa unaondoka na salio limebaki kwenye kadi, ligeuze vitafunio kwenye duka lolote linalopokea kadi. Kadi yenyewe itunze. Ya kwangu ya kwanza wameshaitumia wageni sita.