Kununua sime ya kale Arusha na Moshi kwa bajeti ndogo: mpime muuzaji kabla ya chuma

Anayetafuta sime ya zamani (ule upanga mfupi wa makali pande mbili) Arusha hakosi pa kuanzia. Maduka ya vinyago yapo, meza za wachuuzi minadani zipo, na kuna vijana watakaokufuata mtaani na kitu kimefungwa kwenye shuka. Shida ni kwamba sime zinatengenezwa mpaka leo, na mkono unaojua kuitengeneza mpya unajua pia kuizeesha. Kwa mwenye laki moja na nusu au laki mbili, kosa moja linamaliza hela yote. Chuma kinaweza kukudanganya hata ukiwa na uzoefu, lakini muuzaji mkweli atakuonyesha kasoro kabla hujaiona. Kwa hiyo anza na mtu.

Hatua ya 1: Gawa hela kabla ya kutoka nyumbani

Tuseme una 200,000. Tenga 140,000 za sime yenyewe, 30,000 za nauli kwa safari mbili au tatu, 20,000 za kumlipa fundi wa kuiangalia, na 10,000 za mafuta, kitambaa na daftari. Safari ya kwanza nenda na nauli tu, hela ya sime iache nyumbani. Mwenye hela mfukoni husikiliza hadithi vibaya.

Kwa bajeti hii usitafute sime kamili yenye ala (mfuko wake wa ngozi) nzima na mkanda wenye shanga. Tafuta chuma kizuri chenye ala iliyochanika au mpini unaocheza. Wanunuzi wengi wanakimbilia mapambo, na ndiyo maana mapambo ndiyo yanayoghushiwa zaidi. Ala mbovu na bapa zuri (yaani chuma chenyewe, bila mpini) ni biashara nzuri. Ala nzuri kwenye bapa jipya ni hasara.

Hatua ya 2: Nenda kwa mhunzi kwanza

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mamba, upande wa Marangu, kuna wahunzi wa Kichagga wanaofua mikuki na visu kwa nyundo na moto wa mkaa. Kwa Wamaasai kazi hiyo ni ya Ilkunono, yaani jamii ya wahunzi wao, na sime wenyewe wanaiita olalem. Zamani chuma cha eneo hili kilitoka Upare, ambako watu wa Ugweno waliyeyusha mawe ya chuma. Baadaye wahunzi wakatumia waya na vyuma vya biashara, kisha mapanga ya kiwandani, tupa kuukuu na springi za gari.

Amkia vizuri, eleza kuwa huji kununua, mlipe muda wake. Mwombe akuonyeshe mambo matatu: bapa lililofuliwa kwa nyundo, bapa lililokatwa kwenye panga la kiwandani, na bapa lililonyooshwa kwa grainda. Shika kila moja na upitishe kidole mgongoni mwake. Kisha muulize, kwa heshima, mtu akitaka sime mpya ionekane kuukuu hufanya nini. Fundi atakueleza bila kuficha: maji ya chumvi na limau, maji ya betri, kufukia kwenye udongo wenye samadi, kupaka ngozi kiwi ya viatu na kuining'iniza juu ya moshi. Nusu saa hiyo itakulinda kuliko wiki nzima ya kutazama picha mtandaoni.

Omba pia namba yake. Utamhitaji tena kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Chagua wauzaji watatu wa kuwafuatilia

Usizunguke kwa wauzaji ishirini. Chagua watatu tu, kila mmoja wa aina yake: mwenye duka la vinyago mjini Arusha, mchuuzi wa mnadani (Meserani, Ngaramtoni na Longido Wamaasai wanauza na kununua mifugo, na vitu vidogo vidogo hutembea humo), na familia yenye kitu cha mzee wao.

Mwenye duka ana bei ya watalii, lakini kesho utamkuta palepale, na hilo lina thamani yake. Mchuuzi ana bei nafuu, ila mnada ukivunjika naye ameondoka, kwa hiyo mfuatilie angalau minada miwili kabla ya kutoa hela. Familia ndiyo yenye historia ya kweli, na ndiyo yenye hatari ambayo watu hawaifikirii: kijana anayeuza sime ya babu bila ndugu kujua. Uchaggani nyumba ya mzee mara nyingi humwangukia kitindamimba, hivyo vitu vyake navyo hubaki hapo. Anayeuza akiwa mwingine, omba kitindamimba au mama mwenye nyumba awepo. Umaasaini vilevile, omba mzee wa boma awepo. Muuzaji halali hakasiriki kwa ombi hilo. Anayesema "wao hawana shida, nipe tu," mwache, hata kama sime inang'aa machoni mwako.

Hatua ya 4: Mtege muuzaji kwa swali unalojua jibu lake

Kwenye meza yake tafuta kwanza kitu ambacho una hakika ni kipya. Skrubu yenye alama ya nyota inatosha, kwa sababu aina hiyo ilianza kuuzwa miaka ya 1930, kwa hiyo mpini uliofungwa nayo haujafika hapo kabla ya wakati huo. Mistari myembamba sambamba ya grainda, uzi wa nailoni au gundi iliyovuja navyo vinatosha. Kishike kitu hicho na uulize kwa sauti ya kawaida: "Na hii nayo ni ya zamani?"

Akijibu, "Hapana, hiyo ni mpya, ya watalii," umepata mtu wa kuzungumza naye. Akisema ni ya babu yake, huna haja ya kukagua kitu kingine mezani pale. Aga vizuri uende.

Aliyepita swali hilo muulize mengine matatu kuhusu sime unayoitaka: ilitoka kwa nani, ni kitu gani kimebadilishwa, na kasoro yake ni ipi. Sikiliza neno "sijui". Vitu hivi vimepita mikono mingi, na mtu mkweli lazima kuna mahali atakwama. Mwenye majibu yote, mwaka na vita na jina la shujaa aliyeibeba, muogope. Rudi baada ya wiki moja uulize maswali yaleyale. Majibu yakibadilika, umeokoa hela yako kwa nauli ya daladala.

Hatua ya 5: Kagua chuma

Beba tochi ndogo, rula, kitambaa cheupe cha pamba, mafuta ya cherehani, na lenzi ya kukuza ukiweza. Kalipa ya fundi, ile ya kupimia unene, ikipatikana ni bora zaidi.

Anza na unene. Kwa upana, sime huwa finyu karibu na mpini, hupanuka kuelekea mbele, kisha hufunga kwenye ncha. Iliyofuliwa kwa mkono hupungua unene pia: kwa mfano milimita 5 karibu na mpini, 3 katikati, 2 kuelekea nchani, na haiwi sawasawa kila mahali. Iliyokatwa kwenye panga la kiwandani mara nyingi ina unene uleule kuanzia mpinini hadi mwisho. Uti wa katikati, yaani mwinuko unaopita katikati ya bapa, nao uangalie kwa tochi iliyolazwa ubavuni. Uti wa nyundo unayumba kidogo, na pembeni yake kuna vibonde vidogo vya mapigo. Uti wa grainda umenyooka kama mstari wa rula.

Kisha kutu. Weka tone moja la mafuta kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu ya ukubwa wa sarafu kwa mizunguko kama 20, halafu tazama kitambaa. Kikitoka na unga wa rangi ya chungwa, kutu ni changa. Kikitoka na rangi ya kahawia iliyokolea, kidogo tu, na chuma chini yake kikabaki cheusi laini, hiyo ni kutu iliyokaa. Kutu ya kweli haienei sawasawa. Imekula vishimo hapa na pale, hasa karibu na mdomo wa ala ambako maji hutuama, na katikati ya vishimo chuma ni kizima. Maji ya betri hula kila mahali kwa usawa, hata ndani ya mikwaruzo ya jana.

Usisahau kiungo cha bapa na mpini. Hapo mwigaji huchoka. Mpini wa zamani hufungwa kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa, ikikauka inakaza yenyewe bila msumari. Ngozi ya miaka mingi imekuwa ngumu kama pembe, imeng'aa kwa jasho na mafuta ya kiganja, na uchafu umeingia kwenye mshono. Pitisha kitambaa chenye maji ya uvuguvugu: rangi ya kiwi itatoka na harufu yake utaisikia. Angalia pia kama kuna uvimbe wa kuchomelea kwa umeme pale shina la bapa linapoingia mpinini. Sime iliyochomelewa hapo usinunue kwa bei ya kale, na usiitumie kwa kazi yoyote, maana huvunjika palepale.

Ala ikiwepo, ingiza sime taratibu. Ala yake ya asili inaipokea bila kulazimisha, na upande uliokuwa ukigusa mwili umelainika na kuwa mweusi kuliko upande wa nje uliochomwa na jua. Pande zote mbili zikifanana, jiulize.

Jambo moja watu hulikosea: alama za kiwandani hazimaanishi sime ni feki. Alama ya mamba inatokana na mapanga ya Ralph Martindale wa Birmingham, na wahunzi wengi walifua sime kutokana na mapanga hayo. Ukiona mistari iliyokatana ya tupa kuukuu, hali ni ileile. Ila ukiona jina la nchi, kama "Made in England", fahamu kuwa desturi hiyo ilishika baada ya sheria ya alama za bidhaa ya Uingereza ya 1887 na sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890. Muuzaji anayekuambia chuma hicho ni cha miaka 200 amekosea au anakudanganya.

Ukibaki na shaka, tuma picha kwa yule mhunzi wa hatua ya 2, au mpelekee. Usimuulize "ni ya kale?" Muulize "imetengenezwaje?" Hilo analijua bila kubahatisha.

Hatua ya 6: Jihadhari na "upanga wa Mjerumani"

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita hapa. Longido palipiganwa Novemba 1914, na Moshi ikaangukia mikononi mwa Waingereza Machi 1916. Kwa hiyo singe za zamani, yaani visu vya kuchomeka mbele ya bunduki, zinaweza kuwepo kweli. Soma mihuri. Ya Kiingereza ya muundo wa 1907 ina bapa la karibu sentimita 43, na karibu na mpini kuna taji, 1907, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ya Kijerumani ya aina ya 98/05 ina taji, herufi na tarakimu mbili za mwaka mgongoni mwa bapa. Muuzaji akiita "ya Mjerumani" kitu chenye muhuri wa Kiingereza, huenda hajui tu. Mrekebishe uone atakavyolipokea. Lakini akianza kutaja rupia zilizofukiwa, ramani, au mzigo mwingine ulioko porini, maliza mazungumzo hapohapo.

Hatua ya 7: Sheria

Mpini wa pembe ya ndovu au faru usiuguse, hata ukipewa bure. Hizo ni nyara za serikali, na ukikutwa nazo bila kibali kesi ni yako, hata kama uliuziwa. Pia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na vile vya kiutamaduni vya baada ya hapo vilivyotengenezwa nchini kwa matumizi ya jamii. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Muuzaji akidai kitu chake kina umri huo, wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kulipa. Anayesema "vibali vipo, usijali," aonyeshe.

Hatua ya 8: Bei, karatasi na malipo

Patana bei kwa kutaja kasoro alizozitaja yeye mwenyewe, bila kuidharau sime. Mwandikie karatasi ya mauziano: tarehe, urefu wa bapa kwa sentimita, kasoro, ilikotoka, bei, majina na saini zenu na ya shahidi. Ongeza mstari mmoja: fundi akithibitisha ndani ya siku 7 kuwa ni mpya, hela inarudi. Mkweli husaini. Lipa kwa simu ili muamala ubaki na jina, na hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni lilelile la kwenye karatasi.

Ukinunua kwa picha za WhatsApp, dai hizi: nzima pamoja na rula, pande zote mbili, mgongo, kiungo cha mpini, mdomo wa ala, na moja yenye karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo. Hela ya "kishika nafasi" usitume. Mzigo uje kwa basi mpaka stendi, uufungue mbele ya aliyeuleta, ndipo ulipe. Akikataa, subiri nyingine.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Ifunge kwenye kitambaa unapoisafirisha na karatasi ya mauziano iwe karibu. Nyumbani usiguse msasa wala steelwool, maana ile rangi nyeusi ndiyo uzee wenyewe na haitarudi. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya cherehani kidogo sana, acha usiku mmoja, futa tena. Ngozi ya ala isipakwe mafuta ya kupikia, huvunda na kuita panya. Na sime usiihifadhi ndani ya ala: ngozi hunyonya unyevu na kuushikiza kwenye chuma, na msimu wa masika Moshi wiki tatu zinatosha kutoa kutu mpya pale pale ulipokuwa ukikagua ile ya zamani. Vilaze viwili ubavu kwa ubavu, mahali pakavu, mbali na mikono ya watoto.