Kyubu ya wachezaji 8: namna tunavyoichezesha hapa Lubumbashi

Mashindano ya kawaida ya Magic: The Gathering, mchezo wa karata za kukusanya, yanataka kila mtu aje na deki yake (rundo lake la karata za kuchezea), na hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Karata zinakuja na ndugu anayerudi toka Ulaya au Afrika Kusini; asiye na ndugu huko anabaki kutazama. Kyubu inaondoa kikwazo hicho. Mmoja analeta sanduku la karata 360, wote mnachagua humohumo, mkimaliza zinarudi sandukuni. Kijana wa Katuba asiye na karata hata moja anaanza sawa na aliyekusanya miaka 10. Ndiyo sababu naupenda mtindo huu kuliko mingine yote.

Hatua ya 1: Sanduku

Hesabu ya 360 inatoka kwa wachezaji 8, kila mmoja vifurushi 3 vya karata 15. Kila karata iwe moja tu. Letu lina 50 za kila rangi (nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu, kijani), 50 za rangi mbilimbili, na 60 za vyombo visivyo na rangi pamoja na ardhi maalumu (ardhi ni karata zinazotoa nguvu ya kulipia karata nyingine). Tumeweka zile tu zilizowahi kuchapwa kama karata za kawaida, yaani zisizo adimu (common), maana hazina bei kali, na bado karata nzuri kama Lightning Bolt na Counterspell zimo. Ardhi za msingi ziwe pembeni, 40 za kila aina. Hizo kila mtu anajichukulia.

Valisha kila karata mfuko wa plastiki, yote ya rangi moja. Vumbi jekundu la kiangazi la hapa kwetu halichagui. Karata isiyovalishwa, baada ya miezi miwili utaijua kwa mgongo wake, na ikishajulikana kwa mgongo haifai tena kuchezwa.

Hatua ya 2: Kupitisha

Wachezaji wa nje huita drafti, lakini wenzetu wa Tanzania wakisikia hivyo watatafuta vizibo vya soda. Sisi tunasema kupitisha. Kaeni duara. Fungua kifurushi cha kwanza, chukua karata moja, ilaze kifudifudi mbele yako, zilizobaki mpe wa kushoto. Endeleeni hadi ziishe. Cha pili kinakwenda kulia, cha tatu kushoto tena. Hakuna kuonyeshana, hakuna kunong'onezana.

Utamu wote uko hapa. Juzi nilikuwa na nyeupe nne na bluu moja, karata ya 6 ikanifikia Lightning Bolt, nyekundu nzuri. Maana yake watu watano wa kulia kwangu wameiona na kuiacha: nyekundu haina mwenyewe upande ule! Nikaichukua, nyekundu zikafuatana. Na kwa kuwa niliwakatia wa kushoto rangi hiyo, kifurushi cha pili kilipogeuka kulia walinipitishia tena nyekundu nzuri. Kwa hiyo msifunge ndoa na rangi kabla ya karata ya 5 au 6. Sikilizeni meza kwanza.

Hatua ya 3: Deki

Karata zisizopungua 40. Kwa kawaida 17 ardhi na 23 kati ya ulizochagua, rangi mbili. Zilizobaki ni akiba yako. Unaweza kubadilisha kati ya mchezo na mchezo.

Hatua ya 4: Raundi

Raundi 3, mfumo wa Uswisi, ule uliotumika kwenye sataranji mjini Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza cheza na aliyekaa mkabala nawe, kisha wenye pointi sawa wanakutana. Ushindi pointi 3, sare 1. Anayetangulia kushinda michezo miwili ndiye mshindi wa raundi. Dakika 50 zikiisha, malizeni zamu inayoendelea, mwongeze zamu 5.

Kabla mtu hajaondoka, hesabuni hadi 360.

Maswali ya wanachama

*Yaya (mkubwa wetu), tukiwa 7?*
Inawezekana. Kila raundi mmoja anapumzika na kupewa pointi 3, asipumzike mara mbili. Mkiwa 6, chezeni timu, watatu kwa watatu, mkikaa kwa kupishana. Kila mmoja anakutana na wapinzani wote watatu, na timu ya kwanza kufikisha ushindi 5 kati ya 9 ndiyo inashinda.

*Karata zetu zimechanganyika, Kifaransa na Kiingereza. Ni kosa?*
Hapana, mdogo wangu. Mkibishana, maandishi rasmi ya Kiingereza ndiyo yanaamua. Yahifadhini kwenye simu mapema.

*Mshindi anabaki na karata?*
Hata moja. Sisi tunamnunulia chikanda, kile chakula cha viazi vya okidi na karanga.

*Huku Kipushi tuko wawili tu, yaya. Tuache?*
Msiache! Changanyeni karata 90, mweke rundo kifudifudi. Toeni tatu, kila moja iwe fungu lake. Wa zamu anatazama fungu la kwanza: analichukua na kuweka karata mpya mahali pake, au analiacha, analiongezea moja, anaenda la pili. La pili na la tatu vivyo hivyo. Akiyakataa yote matatu, anachukua karata ya juu ya rundo bila kuichagua. Mafungu yananenepa, na utaona mwenzako akiacha karata safi kwa kungoja fungu lifike nne au tano. Usimngoje.