Gari imegoma kuwaka asubuhi ya baridi? Anzia hapa

Wakuu, huku Uyole, Mbeya, mwezi wa 6 na wa 7 baridi haina utani, gari ikigoma usikimbilie kulaumu injini, sikiliza kwanza. Ukipiga stata ikalia ta-ta-ta na taa za dashibodi zinafifia, hapo anza na betri, baridi inaipunguzia nguvu na oili nayo inakuwa nzito. Fungua boneti, ukikuta teminali (vile vichwa viwili vya betri vinavyoshika nyaya) zina unga mweupe au wa kijani chomoa waya wa hasi (-) kwanza, kisha wa chanya (+), sugua na brashi na maji ya moto, kausha, rudisha ukianza na chanya, kaza vizuri. Bado? Omba jirani akubusti, yaani akuazime moto wa betri ya gari lake kwa nyaya.

Ya dizeli usiharakishe jamani! Washa swichi, subiri ile taa ya dashibodi yenye alama ya springi (inaonyesha plagi za kupasha injini moto) izime ndo upige, sekunde 10 tu halafu pumzisha, stata inaungua hivi hivi.