SOMO: CV ina kazi gani siku hizi wakati kila mtu anasema kazi ni koneksheni

Wakuu habari za saa hizi. Kuna ubishi hauishi mjini, huyu anasema CV imeshakufa watu wanapata kazi kwa kujuana na LinkedIn, yule bado anatoa kopi anazungusha bahasha kuanzia Posta mpaka Mikocheni. Mimi kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa wanaozipokea hizo karatasi, kitengo cha HR (rasilimali watu) kampuni moja hapa Dar, na msimamo wangu ni huu: CV haimpi mtu kazi, CV inakupa simu ya kuitwa. Kazi utaipata wewe mwenyewe mbele ya meza. Na hao wa koneksheni waangalie vizuri, mjomba akishakubali kukusemea kitu cha kwanza anachokwambia ni "nitumie CV yako WhatsApp", maana na yeye kuna mtu anaenda kumpelekea na hawezi kwenda na maneno matupu. Kwahiyo CV ni ile inayoongea wakati wewe haupo chumbani. Tuandike yenye uwezo wa kuongea.

Hatua ya 1: jua unagonga mlango gani

Hapa ndo wengi wanapotea, wanatumia CV moja kila mahali kuanzia mwaka waliomaliza chuo.

Serikalini kazi nyingi zinapita Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unajaza elimu, uzoefu wa kazi, kozi fupi, lugha, kompyuta, wadhamini (watu wa kupigiwa simu wakuelezee), alafu ndo unaomba. Sasa kuna mtu anapakia CV kali ya PDF lakini ile sehemu ya uzoefu kwenye mfumo kaiacha tupu, ukimuuliza anasema si ipo kwenye CV. Mkuu, nafasi kumi zinaombwa na maelfu ya watu, nani atafungua PDF yako kutafuta kitu ambacho mfumo ulishakuuliza ukanyamaza? Jaza kwanza mfumo, CV iendane nao neno kwa neno, tarehe kwa tarehe. Na soma masharti ya tangazo mpaka mwisho, karibu yote yanafanana: uwe raia, umri usizidi miaka 45, cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na wakili, CV yenye anwani na simu zinazopatikana, wadhamini watatu wa uhakika, barua ya maombi iliyosainiwa. Matokeo ya muda na zile karatasi za matokeo ya form four na form six hawapokei, wanataka cheti chenyewe. Kama umesoma nje vyeti vithibitishwe kwanza na TCU (vyuo vikuu), NECTA (sekondari) au NACTVET (vyuo vya kati) kutegemea na ngazi. Na kama cheti cha form four kinasoma jina moja na cha chuo kinasoma lingine, shughulikia hati ya kubadili jina mapema, usisubiri uitwe usaili Dodoma ndo uanze kumtafuta wakili.

Kampuni binafsi na mashirika ni mlango mwingine, huko CV ndo silaha yenyewe, hatua zinazofuata nyingi zinahusu huko.

Mlango wa tatu ni kazi za Kariakoo, gereji, saluni, ujenzi. Huko hakuna mtu anasoma CV, tajiri anataka akuone unafanya kazi siku mbili tatu na mtu anayekufahamu. Usipoteze hela stationery, tafuta wa kukupeleka.

Hatua ya 2: andika CV mama

Fungua faili moja andika KILA kitu umewahi kufanya, kazi, field (mafunzo ya vitendo ya chuo), kujitolea, semina, kozi, na tarehe zake. Hata ikifika kurasa sita haina shida, hii haitumwi popote. Ukiona tangazo unakopi faili, unakata yasiyohusika, unapandisha juu yanayohusika. Nusu saa umemaliza, na unakuwa umetuma kitu kilichoandikwa kwa ajili ya kazi ile.

Hatua ya 3: safisha kichwa

Juu weka jina kama lilivyo kwenye vyeti, simu inayopatikana, imeili, mkoa uliopo. Basi. Dini toa. Kabila toa. Urefu, uzito, jina la baba na kazi yake, toa vyote. Picha usiweke labda tangazo limeomba. Hali ya ndoa sijui nani alitufundisha, mtu anaomba uhasibu anaandika SINGLE kwa herufi kubwa kama anaposa. Tarehe ya kuzaliwa acha kwa zile za serikali kwasababu wanaangalia ukomo wa umri, kwingine sio lazima.

Imeili ya utotoni yenye maneno ya ajabu ajabu fungua nyingine, ni bure. Na ile mistari ya "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya presha" futa, hakuna aliyewahi kuandika kwamba yeye ni mvivu. Badala yake weka mistari miwili mitatu ya vitu vinavyoshikika: wewe ni nani kikazi, umefanya wapi, unaweza nini.

Hatua ya 4: sehemu ya kazi, hapa kaa sana

Hii ndo roho ya CV na ndo watu wanaiharakisha. Wengi wanakopi majukumu kutoka kwenye mkataba, "kufanya kazi zote za uhasibu na nyingine utakazopangiwa na mkuu wako". Hiyo inaniambia ulichopewa ufanye, hainiambii ulichofanya. Linganisha na hii ya mhasibu (EFD ni mashine za risiti za kodi, VAT ni kodi ya ongezeko la thamani, Tally ni programu ya hesabu): "Nilifunga mauzo ya matawi matatu kila jioni kutoka kwenye mashine za EFD, niliandaa ritani ya VAT kila mwezi kabla ya tarehe 20, nilitumia Tally, nilifuatilia madeni ya wateja wa jumla." Aliyeandika hivi nikimuita kwenye intaviu najua nimuulize nini na najua hajadanganya, maana mtu ambaye hajawahi kugusa ritani ya VAT hakumbuki hiyo tarehe 20, siku ya mwisho ya kuipeleka.

Kwahiyo kila kazi jiulize maswali haya: nilikuwa nafanya nini kwa mikono yangu, kwa kutumia kifaa au programu gani, kwa ukubwa gani (wateja wangapi, vitanda vingapi, mashine ngapi, wanafunzi wangapi), na kitu gani kilibadilika nikiwepo. Hilo la mwisho kama halina jibu la kweli liruke, usitunge asilimia. Nimeona CV za "niliongeza mauzo kwa asilimia 300", ukimuuliza kutoka ngapi mpaka ngapi anaanza kuangalia feni.

Panga kuanzia kazi ya karibuni kurudi nyuma, weka mwezi na mwaka. Elimu nayo hivyo hivyo, na ukishakuwa na digrii na miaka kadhaa kazini shule ya msingi haina kazi tena hapo.

Hatua ya 5: mashine inasoma kabla ya mtu

Kampuni kubwa, benki na mashirika ya kimataifa wengi wanatumia mifumo ya kupokelea maombi, ile unayopakia CV alafu yenyewe inajaribu kujaza fomu. Mfumo unasoma maandishi, hausomi urembo. Zile CV za safu mbili zenye rangi, vinyota vya kuonyesha Kiingereza nyota nne kati ya tano, maandishi ndani ya maboksi, zinaweza kusomwa vurugu. Mbaya kuliko zote ni mtu kaprinti CV, kaisaini, kaipiga picha kwa simu akaigeuza PDF. Hiyo kwa mashine ni picha kama picha ya harusi. Kuijaribu ni rahisi: fungua PDF yako, jaribu kukopi sentensi moja uipeleke kwenye sehemu ya simu ya kuandikia kumbukumbu, ikigoma basi rudi kwenye Word uihifadhi upya.

Tumia maneno ya tangazo pale yanapokuwa kweli kwako. Wameandika "usimamizi wa ghala" na wewe umeandika "stoo kipa", ni kazi ile ile lakini mwenye kutafuta neno ghala hakuoni.

Kuhusu hizi ChatGPT, programu za akili mnemba zinazoandika, sina ugomvi nazo, zikusaidie kunyoosha Kiingereza. Ila ukiiachia iandike yenyewe zinakuja CV arobaini zote zina sentensi zile zile, na ukikaa mbele ya meza Kiingereza kile hakionekani tena.

Hatua ya 6: wadhamini

Waombe ruhusa, wape taarifa kila unapoomba kazi, hakikisha namba zinapatikana. Tunapiga kweli jamani. Mtu anapigiwa anauliza "nani? namfahamu kweli huyo?" na habari imeishia hapo. Mhadhiri aliyefundisha darasa la watu mia nne hakukumbuki, bora msimamizi wako wa field.

Hatua ya 7: kutuma

PDF. Jina la faili liwe jina lako na nafasi, sio "cv mpya final final 2". Kichwa cha imeili kiwe jina la nafasi, ndani andika mistari minne mitano, usitume imeili tupu yenye kiambatanisho tu. Na usitume imeili moja kwa kampuni ishirini anwani zote zinaonekana, kila mmoja anaona humhitaji yeye hasa, unatafuta popote. LinkedIn yako iwe na tarehe zile zile za CV, tunaangalia.

Maswali karibuni.

MASWALI NA MAJIBU

Mdau (Mwanza): Mkuu ahsante kwa somo, mimi nimemaliza chuo sina uzoefu wowote, hiyo hatua ya 4 naandika nini?

Jibu: "Sina uzoefu wowote" kila grajueti anasema ila ukimbana vinatoka. Field ulifanya wapi na ulifanya nini hasa? Ulikuwa karani wa sensa 2022? Andika, ulipita kaya kwa kaya na kishikwambi unakusanya takwimu, hiyo ni kazi ya kweli kwa anayetafuta mtu wa ukusanyaji data. Ulikuwa mweka hazina wa kikundi, ulifundisha tuisheni, uliuza viatu mtandaoni, vyote vina hesabu na wateja. Alafu jisajili TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, serikali ina programu ya kuwaweka wahitimu makazini kupata uzoefu, hiyo ukimaliza unakuwa na mstari wa kuandika.

Mdau (Morogoro): Kaka mi ni dereva, CV ya nini si leseni inatosha?

Jibu: Kwa tajiri wa daladala inatosha. Kwa halmashauri, shirika au kampuni haitoshi. Matangazo ya dereva serikalini yanataka form four, leseni daraja la C au E, mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambulika, na uzoefu usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali. CV yako iwe ukurasa mmoja: madaraja ya leseni na inaisha lini, vyeti vya VETA au NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji), magari uliyoendesha kwa aina na tani, na njia. Mtu aliyeandika "Dar mpaka Tunduma, semitrela, miaka minne" ameshaeleweka.

Mdau (Dar): Acheni kudanganya watu, kazi hii nchi ni koneksheni tu, nimetuma CV mpaka nimechoka.

Jibu: Sikatai koneksheni ipo na inauma. Ila imegawanyika. Kuna ile ya kupewa kazi huna sifa, hiyo siwezi kukusaidia. Kuna ya mtu kukwambia nafasi imetoka na kuisogeza CV yako mezani, hii ndo nyingi, na hapo ikifika mbovu umemuaibisha aliyeibeba, kesho habebi tena. Waambie watu kumi unaowajua unatafuta kazi GANI, sio "kazi yoyote". Mtu akisikia kazi yoyote hakumbuki popote pa kukupeleka.

Mdau (Tanga): Shikamoo. Nilikaa nyumbani miaka mitatu nalea na kumuuguza mama, hilo pengo nalificha vipi?

Jibu: Marahaba dada, pole kwa mama. Usilifiche na usinyooshe tarehe, tukipiga simu kwa mwajiri wa zamani inajulikana. Andika mstari mmoja tu, "2020 hadi 2023, majukumu ya familia", na kama ndani yake ulifanya kozi au biashara ndogo iweke. Wakiuliza jibu kwa kifupi, na malizia kwamba sasa uko huru kufanya kazi.

Mdau (Mombasa): Sisi huku Kenya tunaambatanisha good conduct, KRA, HELB, CRB, EACC, ni pesa mingi kabla hata hujaitwa. Ni lazima?

Jibu: Ndugu, sheria yenu ya ajira ilirekebishwa 2022 kwamba mwajiri aziombe hizo hati (za polisi, kodi, mkopo wa chuo, madeni na maadili) pale anapokusudia kukupa mkataba, sio kwa kila mwombaji. Soma tangazo vizuri, kama halijazitaja tuma CV na barua tu.

Mdau (Dodoma): Kuna mtu ananiambia nitume elfu hamsini aniingize kwenye mchujo wa serikali, ana mpaka kitambulisho.

Jibu: Mwizi huyo. Kuomba kupitia Ajira Portal hakulipiwi hatua yoyote. Usimtumie hela, na usimtumie hata CV.

Mdau (Arusha): Nikiweka CV yangu hapa utaniangalizia?

Jibu: Nitaangalia nikipata nafasi jioni, lakini kabla hujaiweka futa namba ya NIDA, simu yako, na majina na simu za wadhamini. Acha sehemu ya kazi na elimu tu, hizo ndo nataka kuziona.